Moyo wa Nesi na Foleni ya Jiji

Ukitaka kujua Dar es Salaam inawaonaje manesi wake, sikiliza yanayosemwa ndani ya daladala za Gerezani au kwenye benchi la kusubiria kuitwa jina hospitalini. Nesi aliyemfokea mgonjwa "hana wito". Nesi aliyempokea bibi kwa upole "ana moyo". Mjadala huishia hapo, kana kwamba kila muuguzi huja kazini na akiba ya utu aliyozaliwa nayo, kubwa au ndogo, na kazi ya mgonjwa ni kumwomba Mungu aangukie mikononi mwa mwenye akiba kubwa. Naona maelezo haya yanatupoteza. Manesi walio wengi huingia kazini na misimamo mizuri tu, waliyoipata kwa wazazi wao, msikitini au kanisani, na kwa walimu wao wa chuo. Taabu huanza pale misimamo miwili, yote mizuri, inapogombana mbele ya mgonjwa mmoja, na nesi hana muda, hana nafasi, wala hana mtu wa kumuuliza. Anayetaka kuelewa kwa nini mtu yule yule anaweza kuwa mpole saa 2 asubuhi na mkali saa 10 jioni itabidi atazame mbali zaidi ya moyo wake.

Pa kuanzia ni viwanja vya Mnazi Mmoja, kwa sababu vinasimulia habari hii tangu kabla manesi wa leo hawajazaliwa. Wakoloni waliugawa mji katika kanda: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Uwazi wa Mnazi Mmoja uliachwa uwe mpaka kati ya Kariakoo na mji wa katikati, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa ya kitabibu, kwamba watu watenganishwe ili maradhi yasivuke. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao, iliyotokana na mali ya mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka huo huo wa 1897. Mwaka 1956 ikafunguliwa Hospitali ya Princess Margaret, ikachukua nafasi ya ile ya zamani, na baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili. Mpaka leo mtu anaweza kukuambia ndugu yake amelazwa jengo la Sewahaji pale Muhimbili, bila kujua kwamba anataja jina la tajiri aliyetoa mali yake kwa ajili ya wagonjwa. Muuguzi wa zama zile aliyeamini kwamba binadamu wote ni sawa alifanya kazi ndani ya kuta zilizosema vingine kila siku. Lucy Lameck, aliyekuja kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika wadhifa serikalini, alisomea uuguzi na hakutaka kuutumikia mfumo wa tiba wa kikoloni, akageukia siasa. Si kila mtu angeweza kuondoka kama yeye. Waliobaki walilazimika kutafuta namna ya kuwa watu wema ndani ya utaratibu usio mwema, na hilo ndilo swali ambalo manesi wa mjini wanaendelea kulijibu hadi sasa, ingawa kuta zimebadilika.

Kariakoo ya leo hupeleka hospitalini watu wa aina yake. Mpagazi aliyeangukiwa na belo la mitumba. Mama lishe aliyeungua na mafuta. Machinga anayeficha homa tangu juzi kwa sababu akifunga meza hali. Mfanyabiashara kutoka Lubumbashi au Lusaka asiye na ndugu jijini. Wengi hawana bima, na kila saa wanayokaa kwenye benchi ni saa ya mauzo iliyopotea. Sasa mtazame nesi aliyekaa mapokezi. Foleni imepinda hadi mlangoni. Yupo mama mtu mzima aliyefika alfajiri na kukaa kimya, ameshika cheti chake kwa mikono miwili. Anaingia kijana amebebwa na wenzake wanne, mkono umevimba, anapiga mayowe, na wenzake wanapiga mayowe zaidi yake. Nyuma yao kuna mzee anayevuta pumzi kwa shida na hasemi lolote. Malezi ya nyumbani yanamwambia nesi amheshimu mkubwa. Haki inamwambia aliyetangulia atangulie. Huruma inamvuta kwa anayelia. Mafunzo yake yanamwambia aanze na yule asiyepumua vizuri, hata kama amefika wa mwisho na ndiye aliyenyamaza kuliko wote. Akifuata mafunzo, wengi waliopo wataona kwamba hana moyo, na yeye mwenyewe, akipita mbele ya yule mama wa alfajiri, atajiona ametenda kosa. Wala hakutenda. Amechagua jema moja akaacha jingine, na hakuna aliyemweleza huyo mama kwa nini.

Kuna siku ambazo mgongano huu hauonekani. Asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu zaidi ya 25 wakafa, na majeruhi wakapelekwa Muhimbili, Amana na Mnazi Mmoja. Siku kama hiyo kila mtu anakubali kwamba manesi wana moyo. Lakini siku ya maafa, kwa ukubwa wake wote, ni nyepesi kwa upande mmoja: jambo la kufanya liko wazi, jiji zima linasaidia, viongozi wanafika, vifaa vinaletwa, na kuokoa uhai kunafunika misimamo mingine yote. Jumanne ya kawaida ndiyo nzito. Hakuna kamera, glovu zimebaki boksi moja, mwenzako wa zamu ameomba ruhusa ya msiba, na kila mgonjwa anaamini, kwa haki kabisa, kwamba shida yake ndiyo kubwa.

Ushahidi wa kile Jumanne ya kawaida inachoweza kufanya upo, na sehemu yake imekusanywa hapa hapa jijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwahoji akina mama karibu 2,000 waliojifungulia katika hospitali moja kubwa ya umma ya Dar es Salaam. Walipoulizwa kabla ya kutoka hospitalini, asilimia 15 walisema walitendewa angalau jambo moja la kuvunjiwa heshima: kufokewa, kutelekezwa, kuachwa bila sitara na mengine ya namna hiyo. Kundi dogo la akina mama 64 lilifuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye. Huko, asilimia 70 walisema hivyo hivyo. Kundi la pili ni dogo mno kumruhusu mtu atangaze kwamba mama 7 kati ya 10 wananyanyaswa, na gazeti litakalofanya hivyo litakuwa limekosea. Hata hivyo pengo lenyewe lina habari yake. Mama aliye bado wodini, mtoto mkononi, hawezi kumsema vibaya aliyeshika faili lake. Akifika kwake Buguruni au Vingunguti, akanywa uji, akakaa na mama yake mzazi, anaanza kukumbuka na kutaja. Kwa hiyo hospitali inayojipima kwa maoni yanayokusanywa mlangoni inaweza kuridhika na sifa ambayo haipo.

Mtu atasema: basi hao ndio manesi wasio na wito, tumerudi pale pale. Tena ataongeza hoja nzito zaidi, kwamba katika wodi ile ile, yenye msongamano ule ule, yuko nesi anayewaita wazazi "mama" kwa sauti ya chini na kuwafunika khanga. Kama mazingira ndiyo yanayoharibu, mbona yeye hayakumharibu? Hoja hii ina ukweli ndani yake na haifai kupuuzwa. Hakuna msongamano unaomlazimisha mtu kumpiga kofi mama mwenye uchungu, na anayefanya hivyo anastahili kuitwa mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo Sheria ya mwaka 2010 imelipa uwezo wa kuadhibu hadi kumfutia mtu usajili. Lakini hoja hiyo inatuambia tu kwamba watu hutofautiana uvumilivu. Haituambii idadi ya wanaozidiwa inapandishwa au kushushwa na nini. Ukiwaweka wakunga wawili na wazazi wengi kuliko vitanda, usiku mzima, wachache watabaki wapole mpaka asubuhi, baadhi watakuwa wakali, na wengi watakuwa kitu cha katikati ambacho utafiti unakiita kutelekeza: hawamtukani mtu, wanapita tu. Ukiendesha huduma ya umma kwa kutegemea kwamba kila zamu itampata yule mmoja asiyechoka, umeiacha kwenye bahati. Kwa miaka mingi taarifa za serikali yenyewe zimekiri upungufu wa karibu nusu ya watumishi wanaohitajika katika afya, na upungufu huo hauwezi kuzibwa na tabia njema ya nusu iliyopo.

Kinachonishawishi zaidi kuliko takwimu za ubaya ni kile kilichotokea watu walipojaribu kubadili mambo. Katika hospitali kubwa ya umma ya Dar es Salaam watafiti walijaribu mbinu mbili ambazo hazikuhitaji majengo mapya. Ya kwanza ilikuwa siku ya wazi, ambapo wajawazito waliokaribia kujifungua walitembezwa wodini, wakaelezwa kitakachotokea na haki zao, wakaonana na wakunga kabla ya uchungu. Ya pili ilikuwa warsha ya watumishi wenyewe, wakikaa pamoja kuzungumzia kwa nini mambo yanafikia yanapofikia. Watafiti waliuita utafiti wao wa awali tu, na hawakudai kuwa wamethibitisha chochote, lakini waliona mawasiliano na hali ya kuhurumiana vikiboreka. Mkoani Tanga, mradi ulioitwa Staha uliwakutanisha wanajamii na watumishi wakaandika mkataba wa kuheshimiana, kisha hospitali ikarekebisha mambo yake, mengine madogo kama mapazia ya kuwasitiri wazazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba uwezekano wa mama kutendewa visivyo ulipungua kwa asilimia 66 ukilinganisha na mahali ambapo mradi haukufika. Fikiria pazia tu. Nesi aliyelelewa huko anajua sitara ni nini. Hakuna aliyehitaji kumfundisha. Alichokosa ni kitambaa na waya wa kukitundikia. Pazia lilipokuja, heshima aliyokuwa nayo siku zote ikapata njia ya kutokea. Na mkataba wa Tanga ulifanya jambo jingine ambalo mahubiri ya kila mwaka hayajaweza: ulimpa mama haki ya kulalamika, na ulimpa nesi haki ya kuheshimiwa na ndugu wa mgonjwa, ambao nao, tukisema kweli, wakati mwingine huingia wodini na matusi.

Mpaka hapa nimezungumzia misimamo ambayo hospitali huizuia isitoke. Ipo mingine ambayo kazi hulazimika kuibadili, na mfano mzuri kuliko wote uko umbali mdogo kutoka Kariakoo. Mwezi Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika Afrika Bara kusini mwa Sahara, kwa ajili ya waraibu wa heroini. Baadaye Mwananyamala na Temeke zikafuata. Mtaani watu hawa wanaitwa mateja. Ndio wanaosingiziwa kila simu inayopotea, na mara nyingi kusingiziwa huko kuna ukweli kidogo. Nesi anayepangiwa kazi katika kliniki kama hiyo hafiki akiwa kama karatasi tupu. Huenda ana kaka aliyeuza godoro la mama yao akanunulie unga. Huenda dini yake imemfundisha kwamba ulevi ni dhambi na kwamba mwenye dhambi kwanza atubu. Na dawa yenyewe inamchanganya: ni ya jamii moja na ile iliyomharibu mgonjwa, hutolewa kila siku, kwa miaka, na mgonjwa huinywa mbele ya mtumishi, anaonyesha kuwa amemeza, kisha anaondoka. Kwa mtu aliyezoea kwamba kutibu ni kumaliza, hii inafanana na kumhalalishia.

Kinachomgeuza si semina. Ni dirisha. Mgonjwa yule yule huja leo, kesho, keshokutwa na Idi, kwa sababu asipokuja mwili utamdai. Nesi anamwona akianza kuoga, akiongezeka kilo, akija na mtoto, akipata kibarua cha kupakia mizigo. Anamwona pia akipotea wiki mbili na kurudi macho mekundu, akiomba radhi. Kanuni za kliniki zinamtaka amhudumie kwa namna ile ile siku zote mbili. Mwanzoni anafuata kanuni kwa kuwa ameajiriwa. Baada ya muda, kutenda kunaitangulia imani na kuivuta: ameshamjua mtu kwa jina, na ni vigumu kumchukia mtu unayemsalimia kila asubuhi. Naona hapa ndipo ile dhana ya akiba ya wito inapovunjika kabisa. Huruma kwa teja haikuwamo kwa nesi huyu alipoanza kazi. Imetengenezwa na utaratibu mzuri, kazi ya kurudiarudia, na idadi ya wagonjwa inayomruhusu kumtazama mtu usoni. Msongamano wa wodi unaweza kumnyang'anya mtu utu aliokuja nao, na kliniki iliyopangwa vizuri inaweza kumpa utu ambao hakuja nao.

Wako wanaojibu kwamba njia rahisi ni muuguzi kuacha misimamo yake getini, avae sare, afuate mwongozo, basi. Wazo hilo linavutia hasa linapokuja suala la mimba zilizotolewa. Kanuni ya Adhabu inaharamisha utoaji mimba Tanzania isipokuwa kuokoa maisha ya mama, na dini zetu kubwa zinakubaliana na sheria katika hilo. Lakini makadirio ya kitaifa ya mwaka 2013 yalionyesha mimba zipatazo 405,000 zilitolewa mwaka huo, na wanawake zaidi ya 66,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Yaani nesi wa mjini atakutana na msichana anayetoka damu, mwenye homa, anayesema ameanguka bafuni. Kumtibu si kosa kisheria. Kumwacha ndilo kosa, kwa sheria na kwa kiapo. Je, nesi anayeamini kwamba tendo lile ni dhambi aiache imani yake getini? Naona hapana, kwa sababu mbili. Kwanza haiwezekani; mtu huingia wodini na nafsi yake nzima. Pili, imani hiyo hiyo iliyomfundisha kwamba uhai ni mtukufu ndiyo inayomwamsha saa 9 usiku kupima mapigo ya moyo ya msichana huyo kwa mara ya nne wakati hakuna anayemwona. Ukimwondolea imani ili asihukumu, umemwondolea na kile kinachomfanya ajali. Kinachotakiwa ni kidogo zaidi ya hapo na kigumu zaidi: abaki na imani yake, lakini isitumike kama adhabu. Asimcheleweshee dawa ya maumivu ili "ajifunze". Asiwaite wenzake waje kumwona. Hukumu anaweza kuibeba moyoni mpaka nyumbani, na huko ashauriane na Mola wake.

Mambo mengine ya aina hii nitayapita haraka, ingawa kila moja lingetosha makala. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mtumishi atunze siri ya majibu ya mgonjwa. Lakini uswahilini siri ya mgonjwa huwa ni mali ya ukoo, na shangazi aliyeleta chakula siku 10 mfululizo haelewi kwa nini sista hamwambii mwanawe anaumwa nini. Sista naye amelelewa katika ukoo kama huo. Mtu aliyepigwa au kugongwa na pikipiki hutakiwa kuwa na fomu ya polisi, ile PF3, na ingawa viongozi wa afya wamesema mara nyingi kwamba anayehitaji huduma ya haraka atibiwe kwanza, nesi aliyeko zamu anaogopa kuwa yeye ndiye atakayebaki na kesi. Hapo uoga wake si ubaya wa moyo. Anauliza tu nani atasimama naye akiulizwa, na wakati mwingi jibu ni kwamba hakuna.

Fedha, hata hivyo, haifai kupitwa haraka, kwa kuwa ndiyo inayochafua jina la kazi hii kuliko kitu kingine. Baada ya Azimio la Arusha matibabu ya serikali yalikuwa bure, na mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku. Mwaka 1991 zikaruhusiwa tena, na mwaka 1993 uchangiaji ukaanza katika hospitali za umma. Wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5 na wazee wasio na uwezo wakabaki na msamaha, kwa maandishi. Kwa vitendo, mama mjamzito mara nyingi ameambiwa aje na glovu, pamba, uzi na kiwembe chake. Nani anayemwambia hivyo? Nesi. Waziri hayupo, mhasibu hayupo, bohari ya dawa haipo. Sura ya upungufu wa nchi nzima ni sura ya dada mmoja aliyevaa sare. Akipokea elfu mbili za glovu, mgonjwa hajui zinaenda kununua glovu au soda, na baada ya muda mstari huo unaweza kufifia hata kwa mpokeaji. Sheria ya rushwa ya mwaka 2007 haina shaka: kudai kitu kwa huduma ambayo ni wajibu wako ni jinai, na sioni sababu ya kuilegeza kwa kuwa mshahara ni mdogo, maana mama lishe anayetoa hiyo elfu mbili ana kipato kidogo zaidi. Shukrani ya kuku baada ya mtoto kupona ni jambo jingine, ingawa hospitali ingefanya vyema kuweka wazi kipokelewe kipi na nani, ili mwenye kuku asitangulie foleni safari ijayo. Ninachobisha ni kwamba hatuwezi kumfanya nesi kuwa keshia asiye na risiti, halafu tukashangaa kwamba ameonekana mwizi.

Mwaka 1984 mwanafalsafa Mmarekani Andrew Jameton, akiandika juu ya maadili ya uuguzi, alieleza aina ya dhiki ambayo haikuwa imepewa jina: mtu anajua lililo sawa kutenda, lakini mahali pa kazi panamzuia kulitenda. Dhiki hiyo ya dhamiri inaeleza ukali wa saa 10 jioni vizuri kuliko maelezo ya wito. Asiyejali haumii. Anayeumia ni yule aliyejua mzee anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa 2 na hakumgeuza, kwa sababu wodi ilikuwa na wagonjwa wengi kuliko mikono. Akiumia hivyo mwaka mzima, ana njia chache: aondoke, aende hospitali binafsi au Ghuba; apige pati taimu kwenye zahanati za mitaani mpaka achoke kotekote; au auweke moyo mbali na mikono ili usiendelee kuumia. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoiita kukosa utu. Pengine ni utu uliokosa pa kwenda.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa kila tarehe 12 Mei, siku ya kuzaliwa Florence Nightingale, manesi wanapowasha mishumaa na kurudia kiapo: kwamba kazi hii ni sadaka, na anayeanza kuhesabu saa na posho ameshatoka katika sadaka. Kenya ilionja makali ya swali hilo mwaka 2017, manesi wa umma walipogoma kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Novemba, na waliolipa zaidi ni wagonjwa maskini wasioweza kwenda kwingine. Sitatetea kumwacha mgonjwa kitandani. Na Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaiweka afya katika huduma ambazo hazigomwi. Lakini sheria inayomfungia mtu mlango wa kugoma ina deni kwake la mlango mwingine, na mlango huo ni finyu sana wodini. Nesi anayeandika kwenye ripoti ya zamu kwamba alikuwa peke yake na wagonjwa wengi kupita kiasi anatakiwa ajibiwe na mtu mwenye bajeti, kwa maandishi, kabla ya zamu kama hiyo kurudi. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa mara ya kwanza mwaka 1953 na kurekebishwa mwaka 2021, zinauhesabu wajibu wa kutetea mazingira salama ya kazi kuwa sehemu ya maadili yenyewe. Nesi anayedai mwenzake wa pili wa zamu ya usiku anatimiza kiapo chake kama anavyokitimiza anapomfunika mgonjwa shuka.

Na sisi tunaokaa benchini tunayo sehemu yetu. Tukiwa na malalamiko, tuyapeleke. Kunyamaza mlangoni na kusimulia nyumbani hakujamsaidia mtu. Barua itaje alichofanya nesi, siku na saa, bila kumwonea haya. Kisha iulize, chini ya aya hiyo hiyo, zamu ile ilikuwa na manesi wangapi kwa wagonjwa wangapi, na nani aliyeipanga.